Mashine Iliyokatazwa Kuzimwa

Mliponiaga pale nyumba ya maji mlinipa saa ya ukutani na soda, na mmoja wenu akasema, "Papa Kashindi, utuandikie mambo ya kazi, lakini ya kuchekesha." Ya kuchekesha yapo. Lakini mjue mapema kwamba ninaandika nikiwa na hasira. Nilidhani nikistaafu itapoa. Asubuhi ninaamka sina pahali pa kwenda, ninakaa mbele ya nyumba hapa Nyamianda, Uvira, na badala ya kupumzika ninakumbuka.

Sikusoma sana. Nilifika mwaka wa pili wa sekondari kule Lemera, halafu baba akaugua na shamba likanihitaji. Kwa hiyo msitafute hapa maneno makubwa. Nitaandika nilichokiona, na pale ambapo nilielezwa tu nitasema nilielezwa.

Siku yangu ya kwanza niliteremka kutoka milimani nikiwa nimevaa viatu vya mjomba wangu. Mlangoni mwa chumba cha pampu alisimama mwanaume mrefu, mwembamba, kofia nyeupe kichwani, bisibisi mfukoni. Huyo ndiye Ramazani. Alikuwa wa mtaa wa Kimanga, wa zile familia za Waislamu ambazo mababu zao walikuja kwa biashara ya ziwa na wakabaki. Ndugu zake wote waliuza kitu: nguo, chumvi, vyuma. Yeye alikuwa fundi umeme. Alisema, "Miye nikiuza sukari, nitaikula."

Alinitazama viatu kwanza, halafu uso.

"Weye njo wa Lemera?"

"Ndiyo, kaka."

"Kule kwenu courant iko?"

"Umeme haujafika."

"Njo maana uko muzima. Simama pale. Usiguse kintu."

Halafu akanionyesha kazi yake, na hiyo ndiyo shule niliyosoma kuliko ile ya Lemera. Kila chombo katika nyumba ile alikuwa amekifungia kamba yenye fishi, yale meno yanayoingia ukutani. Hakukubali chombo chochote kiunganishwe moja kwa moja. Alipotaka kukigusa, alichomoa fishi, akaiinua juu ili kila mtu chumbani aione, akasema "Muone!", halafu akaivaa kamba ile shingoni kama skafu. Hapo ndipo alipogusa. Hakuna aliyeweza kurudisha umeme kwa bahati mbaya, kwa sababu umeme ulikuwa umening'inia kwenye kifua chake. Wanawake waliokuja kulalamika juu ya maji walimcheka: "Ramazani, leo umevaa shela ya nani?" Yeye alijibu, "Ya bibi yangu wa pili. Huyu akinikumbatia nikiwa sijamuvaa, munanizika."

Nilicheka. Nilikuwa kijana. Lakini nilivaa kamba kama yeye, na wote mliofundishwa na mimi mmevaa.

Miaka ile ya kwanza klorini tuliiweka kwa mkono. Tulikuwa na pipa juu ya tangi, bomba dogo, na kifungo cha kupunguza matone. Mtu mmoja alisimama akitazama matone, mwingine akaenda kuonja maji. Kazi ilichosha, lakini ilieleweka. Ikiharibika uliona kilichoharibika.

Kuna juma moja maji yalipungua Kimanga hadi yakawa uzi. Tulifungua pampu, tukabadilisha mipira, tukafunga, uzi uleule. Ramazani akashuka pwani kuangalia mdomo wa bomba unaovuta maji ziwani, akarudi anacheka peke yake. Kiboko alikuwa amelala juu ya bomba, na hakuwa na haraka. Ramazani akapita kwenye mabomba ya mtaa akiwaambia akina mama, "Mutusamehe, kuko mukubwa mumoja amekalia maji yenu." Siku nzima kila mtu Kimanga alimtaja mkubwa mmoja aliyemchukia. Shefu, mkubwa wetu wa kazi wakati ule, alikataa kuandika neno kiboko katika taarifa yake. Aliandika "kizuizi cha asili".

Basi, mambo ya kuchekesha yanaishia hapo.

Baadaye mradi mmoja ulituletea kompyuta. Ndani yake kulikuwa na kadi, ubao mdogo wa umeme, iliyounganishwa na kipimo cha maji na pampu ndogo ya klorini. Maji yakipita mengi, kadi inaiambia pampu itie zaidi, yakipungua, ipunguze. Sikuipinga. Ilifanya kazi vizuri kuliko macho yangu, tena haikuomba ruhusa ya kwenda kula. Umeme ulipokatika ilizimika kama taa, umeme uliporudi iliamka yenyewe na kuendelea. Tulikaa nayo kwa amani miaka mingi, mpaka radi ilipopiga nguzo na kuichoma.

Kampuni iliyopewa kazi ya kuleta nyingine ilimtuma enjeniya aitwaye Patrice. Alitoka Kinshasa, viatu vyake vilikuwa safi, na alikuwa na adabu. Sitamsingizia: alitusalimia wote, hata mlinzi, na asubuhi alikuja na mikate. Sikuwa na neno naye.

Kadi ya zamani ilikuwa imepona, akaihamishia kwenye kompyuta mpya. Kompyuta mpya ilikuja na Linux mpya, ule mfumo unaoiendesha. Hapo ndipo shida ilipoanzia, na hapa nitaeleza vile nilivyoelezwa baadaye na mtu anayejua.

Katikati ya kompyuta kuna kiini, programu inayotawala nyingine zote. Kadi kama yetu haiwezi kufanya kazi mpaka kipande kidogo cha programu kiingizwe ndani ya kiini. Kipande hicho wanakiita moduli. Kiini kina kazi nyingi ndani yake, na kila kazi ina jina. Baadhi ya majina yamewekwa wazi kwa moduli zinazotoka nje, kama dirisha la ofisi ambapo yeyote anaweza kubisha. Mengine ni ya ndani. Wenye kiini wanayatumia wao kwa wao, na wana haki ya kuyahamisha au kuyafuta bila kumwambia mtu. Moduli yetu ilikuwa imezoea kubisha kwenye dirisha moja, kuomba ipewe nafasi ya mbele ili pampu ya klorini isicheleweshwe na kazi nyingine. Katika kiini kipya dirisha hilo lilikuwa limefungwa. Kazi bado ilikuwapo ndani, lakini jina lake halikuwa wazi tena. Moduli ilipoingizwa, kompyuta ikajibu kwamba jina hilo haijui, ikaikataa.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Patrice. Alicheka kidogo.

"Wamefunga mlango," akasema. "Si kitu. Nitapita dirishani."

Alifungua faili iitwayo kallsyms, ambamo kiini kinaonyesha majina yake yote, ya wazi na ya ndani, na mbele ya kila jina anwani yake, pahali kazi hiyo inapokaa katika kumbukumbu ya mashine. Ni namba ndefu yenye herufi na tarakimu. Akainakili namba ya lile jina lililofungwa, akaiandika kwa mkono wake ndani ya moduli, ili moduli isiulize jina tena bali iruke moja kwa moja hadi kwenye anwani. Akaingiza. Pampu ya klorini ikaanza kugonga. Tukapiga makofi. Ndiyo, na mimi nilipiga.

"Ni provisoire, ya muda tu," akasema akifunga kompyuta yake ya mkononi. "Nikirudi nitaiweka vizuri."

Code, yaani maandishi yenyewe ya programu, aliondoka nayo. Kwetu alituachia moduli iliyokwisha kupikwa, ambayo huwezi kuirekebisha.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mtu alipouawa, ingawa ilimchukua muda kufa. Kiini cha siku hizi, kila kinapoamka, kinahamia pahali papya katika kumbukumbu. Kinafanya hivyo kwa makusudi, ili wezi wasijue pa kukipata. Kwa hiyo anwani aliyoiandika Patrice ilikuwa ya kweli mpaka kompyuta itakapozimwa. Ikiwashwa tena, anwani ileile inaelekeza pahali pengine, na moduli inaruka gizani. Kwa watu ambao umeme wao haukatiki, namba ile ingeweza kukaa mwaka mzima. Kwetu Uvira haikufika Jumapili.

Umeme ulikatika, ukarudi, kompyuta ikaamka, moduli ikaruka, na mashine yote ikaganda. Pampu ya klorini ikanyamaza. Tukampigia Patrice. Hakupokea. Tukarudi kwenye pipa na matone. Pipa lilikuwa limetoboka, na mkono wa mtu ulikuwa umesahau. Maji ya Kimanga yakatoka hayana harufu ya klorini, na mnajua katika mji huu maana yake ni nini: kipindupindu. Akina mama walikuja na watoto mgongoni, wakatupigia kelele, na walikuwa na haki. Patrice alipopatikana, alitwambia kwa simu tufungue kallsyms tumsomee namba mpya. Akapika moduli upya kule kwake, akaituma kwa mtandao, na mtandao wetu mnaujua. Ilipofika, umeme ulikuwa umekatika tena.

Mkisoma haya mtasema tungefanya hivi au vile. Hatukujua. Hakuna aliyetuambia shida iko wapi. Tulichoambiwa ni amri moja tu, na shefu aliibandika juu ya kompyuta kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KUZIMA.

Basi tukaacha kuwa mafundi, tukawa wauguzi. Shefu alitafuta batri za gari na onduleur, kile kisanduku kinachogeuza nguvu ya batri kuwa umeme wa ukutani. Kompyuta ikaunganishwa na onduleur usiku na mchana, na chargeur ya zamani yenye mwili wa chuma ikajaza batri kila umeme wa mji ulipokuwapo. Batri ilipochoka, tuliibadilisha mashine ikiwa hai: mmoja anafunga nyaya za batri mpya pembeni ya zile za zamani, halafu mwingine anaondoa ya zamani. Nafikiri hakuna mji mwingine ambapo watu walijifunza ufundi huo. Tulijivunia! Wageni walikuja na tuliwaonyesha.

Ramazani aliiita ile kompyuta Mugonjwa. Akifika asubuhi aliuliza mlangoni, "Mugonjwa amelala aje?"

"Anapumua," ninajibu.

"Amekula?"

"Amekula batri mbili."

"Huyu atatumaliza. Hata mama yangu sikumulindaka hivi."

Na jirani mmoja muuza samaki, akituona tunapita na batri kwenye toroli, alipaza sauti ili barabara yote isikie: "Ninyi banaume, munalinda ile kompyuta kuliko bibi zenu! Nayo inawapikiaka?"

Lakini kuna kitu nilikiona na sikukipenda, na Ramazani naye hakukipenda. Chargeur ile ilikuwa chombo pekee katika nyumba yote ambacho mara nyingine hatukukichomoa kabla ya kukigusa. Batri ikiwa nzima unaweza kuchomoa. Batri ikiwa imekufa, onduleur inaishi kwa chargeur tu. Ukichomoa, kompyuta inazimika. Mara mbili nilimsikia akimwambia shefu, "Shefu, hii kazi haiko kazi. Utupe ruhusa tuzime." Shefu alijibu kila mara kwamba Patrice yuko njiani. Shefu hakuwa mtu mbaya. Aliogopa akina mama wa Kimanga, nami pia niliwaogopa.

Mwaka ule ziwa lilipanda. Mliuona wenyewe, lilikula nyumba za pwani moja baada ya nyingine. Asubuhi moja ya mvua tulikuta maji yameingia ndani ya nyumba ya pampu hadi kwenye vifundo vya miguu. Onduleur ilikuwa inalia. Nilileta batri mpya, nikaketi juu ya kiti nimeipakata magotini ili isiguse maji, nikisubiri Ramazani anipokee nyaya. Yeye alikuwa ameinama mbele ya chargeur.

Nilimwuliza, "Na fishi?"

"Nikiitoa, Mugonjwa anakufa. Hii batri haiko na kintu tena."

"Afe basi."

"Akikufa, Kimanga yote itakunywa ziwa mupaka Patrice apokee simu. Bibi yangu iko Kimanga, bajukuu bangu bako Kimanga. Shika vizuri, Papa Kashindi. Ni dakika tu."

Akanyoosha mkono. Shingo yake ilikuwa tupu.

Sitaandika zaidi juu ya hapo. Nilitupa batri, nikavuta kamba ya ukutani kwa mguu wa kiti. Kompyuta ikazimika papo hapo, baada ya yote. Nilimburuta hadi nje, kwenye mvua, na sisi wawili tulikuwa peke yetu, halafu nilikuwa peke yangu.

Alizikwa siku ileile kabla ya jua kutua, kwa desturi yao. Nilirudi kutoka makaburini na matope miguuni, nikapanda juu ya tangi, nikatia klorini kwa ndoo, kwa sababu watu wangekunywa maji hata jioni ile.

Kwa siku za matanga nilikuwa Kimanga kila jioni. Mimi si msemaji. Nilikaa pamoja na wanaume, nikanywa chai, nikasikiliza. Siku ya pili shefu alikuja na wakubwa wengine. Alisimama mbele ya familia, mbele ya mjane, Mama Mwamini, na watoto, na wajukuu, na nusu ya mtaa, akatoa pole. Halafu akasema kwamba kampuni imechunguza, na kwamba marehemu, pamoja na wema wake wote, alifanya imprudence. Uzembe. Hakuchomoa fishi.

Ramazani! Mtu aliyevaa kamba shingoni mpaka akina mama wakamtania!

Nilimwona Mama Mwamini akigeuka kunitazama mimi. Hakulia. Alitazama tu, kama mtu anayeuliza: je, ni kweli? Nilijua alikataa kuzima mashine. Sikujua kwa nini mashine haikuweza kuzimwa.

Kesho yake nilikwenda kwa shefu.

"Shefu, lile neno si la kweli."

"Papa Kashindi, fishi ilikuwa ndani ao nje?"

"Ndani."

"Basi nani alimuua? Kompyuta?"

"Ndiyo."

Alinionea huruma, niliiona. "Leta mutu anayeweza kunielezea vile kompyuta inauaka muntu," akasema, "na mi mwenyewe nitarudi Kimanga kusema."

Hilo tu ndilo nililolitaka kuanzia siku hiyo. Si kingine. Watoto wa mtaani walikuwa wameanza kuwaambia wajukuu wa Ramazani kwamba babu yao alikufa kwa ujinga.

Mtu huyo alipatikana kwa sababu Patrice aliacha kabisa kupokea simu za shefu, na kampuni ikalazimika kutafuta mwingine. Akaja enjeniya kutoka Bukavu, binti aitwaye Neema. Aliomba kiti, akauliza mambo mengi, akaandika. Nilipomwambia kwamba mashine haiwezi kuzimwa, aliinua kichwa.

"Papa, nani alisema?"

"Wote."

"Na muliuliza sababu?"

"Tuliuliza. Walisema provisoire."

Akaifungua moduli kwa vyombo vyake, halafu akaniita nione. Katikati ya vitu nisivyovielewa kulikuwa na namba ndefu. Hapo ndipo aliponieleza yote niliyoyaandika juu: dirisha, jina, anwani, na vile kiini kinavyohama kila kinapoamka. Alinieleza polepole, bila kunidharau. Nilielewa.

Alimpigia Patrice kwa namba ambayo Patrice hakuijua, kwa hiyo Patrice akapokea. Akaweka simu mezani, sauti nje.

"Enjeniya, hii anwani ndani ya moduli ya Uvira, ulitoa wapi?"

"Ah, ile. Kwa kallsyms. Ilikuwa provisoire tu."

"Ulijua kiini kinahama kila kinapoamka?"

"Nilijua. Lakini huku kwetu server hazizimwi ovyo."

"Ulipokuja Uvira ulilala wapi?"

"Hoteli."

"Courant haikukatika?"

"Hoteli iko na groupe, jenereta yake."

Neema alifumba macho. Halafu akaomba code, na Patrice akasema ataituma, na kweli aliituma siku ileile. Sitamsingizia. Kabla ya kukata akasema kwa ile adabu yake, "Na munisalimie yule mzee wa kofia, Ramazani. Alinichekesha sana."

Nikaivuta simu karibu. "Amekufa," nikasema.

"Pole, Papa. Alikufa na nini?"

"Alikataa kuzima mashine yako."

Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Code ilipofika, Neema aliisoma, akasoma na maandishi ya wale waliofunga dirisha. Ndiyo, waliandika. Walieleza kwa nini wamelifunga: kila moduli ilikuwa inajipa nafasi ya mbele kwa namba inayoitaka, kila moja ikijiona mkubwa. Na palepale walieleza kwamba wamefungua dirisha lingine pembeni, jipya, la wazi, ambapo moduli inaomba nafasi ya mbele kwa njia nyepesi zaidi. Patrice hakuhitaji anwani ya mtu. Alihitaji kusoma maelezo ya mlango aliokuta umefungwa. Neema akafuta ile namba ndefu na mistari iliyoibeba, akaandika mstari mmoja unaobisha kwenye dirisha jipya. Mstari mmoja. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Nilitoka nje nikasimama kwenye matope yaliyoachwa na ziwa, na nikasema maneno ambayo mtu wa kanisa hasemi.

Vijana, msifikiri ninamchukia mtu mmoja. Ninachukia lile neno, provisoire. Mtu analiweka juu ya kazi mbovu kama shuka juu ya kitanda kichafu, halafu anapanda gari. Anayelala hapo ni mwingine. Nilimwuliza Neema kama kuna siku mtu analazimika kweli kutumia jina lililofungwa. Alisema zipo, lakini chache, na mtu wa namna hiyo kwanza atafute kwa nini limefungwa. Halafu atazame kama kazi inaweza kufanyika kwa majina ya wazi. Halafu awaombe wenye kiini. Akishindwa yote, basi walau aandike moduli iulize anwani upya kila mashine inapoamka, na isipoipata ikatae kuingia na kusema wazi kwamba imekataa. "Hata kama ni kuiba, Papa," akasema, "huyu hakuiba vizuri." Nami ninaongeza la kwangu: code ibaki katika nyumba inayoitumia. Na mkikuta chombo kimeandikwa marufuku kuzima, kizimeni mchana, mkiwa wawili, ndoo ya klorini ikiwa tayari, muone kinachotokea. Msingoje mvua iwaonyeshe.

Nilikwenda Kimanga kumwita Mama Mwamini. Eda yake ilikuwa imekwisha. Alikuja na mwanawe mkubwa. Shefu naye alikuja, kwa sababu nilimkumbusha ahadi yake mbele ya watu. Maji ya ziwa yalikuwa yamerudi nyuma, sakafu ilikuwa kavu. Neema akamweleza shefu kwa Kifaransa, halafu akamweleza Mama Mwamini kwa Kiswahili, na nikaona kwamba maelezo ya Kiswahili yalikuwa marefu kuliko yale mengine.

Halafu Neema akaizima mashine. Hakukuwa na batri wala onduleur. Pampu ya klorini ikanyamaza. Shefu akashika ukuta kwa mkono, kwa mazoea. Neema akaiwasha tena. Tukasimama tukiitazama kama watu wanaosubiri maji yachemke, na kabla mtu hajapata neno la kusema, pampu ikaanza kugonga.

"Irudilie," Mama Mwamini akasema.

Neema akaizima tena, akaiwasha tena. Pampu ikagonga.

"Na kila mara inaamukaka hivi?"

"Kila mara, Mama."

Mama Mwamini akajifunga vizuri kitenge chake, akamgeukia shefu.

"Shefu, lile neno ulisema kwa matanga ya bwana yangu. Lirudilie sasa."

Shefu hakulirudia. Akasema, "Mama, unisamehe."

"Haiko kwangu utasemea," akamjibu. "Uliisemea Kimanga, batu bote bakisikia. Twende Kimanga."

Shefu alisema yuko na mkutano saa hiyo, na gari lake liko kwa fundi. Mama Mwamini alikuwa amekwisha kutoka mlangoni. Alisimama juani na mwanawe, akangoja. Shefu akaniangalia mimi, na mimi nikamwangalia. Basi akachukua koti lake kwenye kiti, na tukaenda wote kwa miguu, kwa barabara kubwa, mchana kweupe.